Skana imegoma kuongea na gari? Usikimbilie kununua kontroli boksi!

Najua nimepotea kidogo, ni kuchakarika na maisha tu. Leo sina siasa wala mpira. Nataka tuongee kuhusu kile kidude ambacho washkaji wengi mmekinunua siku hizi, skana ndogo ya kuchomeka chini ya usukani halafu inaongea na simu kwa Bluetooth. Mimi ninayo. Nilimaliza kidato cha nne, nikakaa mtaani, nikajibana mpaka nikapata elfu 25 nikainunua. Hesabu zangu zilikuwa rahisi: napima magari ya watu kwa buku tano tano, napata vocha na hela ya kafe. Kichwani biashara ilishakubali kabisa. Gari ya kwanza niliyochomeka ikagoma.

Gari yenyewe ni Toyota Corolla 110 ya mwaka 1997, anaendesha mjomba kama teksi. Siyo yake, ina tajiri wake, na kila jioni mjomba anapeleka hesabu elfu 20. Taa ya cheki injini ilikuwa imewaka, gari inatetemeka ikisimama kwenye foleni, nyuma inatoa moshi mweusi na mafuta inakunywa kama maji. Mjomba akaipeleka gereji bubu moja ya kule kwetu. Fundi akachomeka skana yake, kubwa kuliko yangu, ikaandika haijaunganishwa. Akarudia mara mbili. Hukumu ikatoka hapo hapo: "Kontroli boksi imekufa hii. Tafuta laki tatu na nusu nikuletee ya mtumba."

Tajiri aliposikia akasema hatoi hata senti, na kama hadi Jumamosi gari haijarudi barabarani atampa dereva mwingine akitengeneza mwenyewe. Hiyo ilikuwa Jumanne. Mjomba ana watoto wanne na mimi nalala kwake, kwa hiyo hapo mlaji wa tano nilikuwa mimi.

Jioni akaniita, "Mjomba, si ulisema una mashine? Hebu lete tuone." Nikachomeka. Taa ya kidude ikawaka, simu ikakiona, programu ikazunguka weee, mwisho ikasema imeshindwa. Nusura nimwambie kwamba fundi yuko sahihi, maana sasa skana mbili zimesema kitu kimoja. Bahati nzuri niliona aibu kidogo nikasema ngoja nikasome kwanza. Nikaenda kafe, nikakaa masaa matatu. Ninayoandika hapa ndiyo niliyoyakuta, pamoja na niliyoyaona kwa macho yangu siku zilizofuata.

Kitu cha kwanza hata hakihitaji intaneti, ni kufikiri tu, na kiliniuma kwamba hatukukiona. Gari ilikuwa inawaka! Inatetemeka, sawa, lakini inawaka na inatembea. Kwenye injini ya aina hii kontroli boksi ndiyo inayoziamuru nozeli zipulize mafuta. Ingekuwa imekufa kabisa, injini isingewaka. Kwa hiyo ukisikia "boksi imekufa" wakati gari inaunguruma mbele yako, muulize fundi kwa upole nozeli zinaamriwa na nani.

Sasa tuje kwenye kidude. Watu wengi tunadhani "kuunganisha" ni kitendo kimoja. Ni vitatu, na kila kimoja kinaweza kukatika peke yake. Skana inatakiwa ipate umeme kutoka kwenye gari. Halafu simu iongee na skana. Halafu skana iongee na kompyuta ya gari. Programu nyingi zinakuandikia tu kwamba imeshindwa, hazikwambii ni wapi, na hapo ndipo hela za watu zinapotea.

Umeme ni rahisi kuupima. Lile tundu chini ya dashibodi lina pini 16. Ukilitazama upande mpana ukiwa juu, pini ya 1 hadi ya 8 ziko juu kutoka kushoto kwenda kulia, ya 9 hadi ya 16 ziko chini. Ya 16 inaleta umeme wa betri moja kwa moja, ya 4 ni ya bodi, yaani hasi. Chukua mita ya fundi umeme, weka kati ya 4 na 16, inatakiwa uone volti 12 hivi hata swichi ikiwa imefungwa. Kama hakuna kitu, na skana haiwaki hata taa, tafuta fyuzi. Kwenye magari mengi fyuzi hiyo inahudumia na vitu vingine, mara taa ya ndani, mara kichomeo cha sigara. Mshkaji wangu mmoja alitaka kuitupa skana yake kumbe fyuzi iliungua siku alipochaji simu na chaja ya kichina. Fyuzi ikabadilishwa, kidude kikafufuka. Na kama betri imechoka usianze hata kupima, chaji kwanza.

Simu na skana nayo siyo ngumu. Ya Bluetooth inaomba namba ya siri, kwa kawaida 1234 au 0000. Baada ya hapo lazima uingie ndani ya programu yenyewe uchague hicho kidude, kuunganisha kwenye simu peke yake haitoshi. Wenye iPhone mjue hizi za Bluetooth ya kawaida haziwakubali, nyie tafuteni ya waifai. Na kama simu ya jirani yako ilishaunganishwa na kidude hicho hicho na iko karibu, inaweza kukushikia. Niliteseka nusu saa kwa sababu simu ya mtoto wa mjomba ilikuwa mfukoni mwake, anatuangalia tu tunavyohangaika.

Njia ya kujua kama umevuka hapo: tafuta programu yenye sehemu ya kuandika amri, andika ATRV. Ikikujibu volti za betri, mfano 12.3, basi simu na skana zinaelewana na umeme upo. Hapo tatizo limebaki moja tu, skana na gari.

Mimi ilinijibu 12.2. Nilivyojaribu kuliita gari ikaandika BUS INIT na mbele yake ERROR. Maana yake kidude kilibisha hodi, hakuna aliyeitikia. Siyo kwamba mwenye nyumba kafa. Huenda alibishiwa hodi kwa lugha asiyoijua.

Hapa ndipo penyewe wadau, someni taratibu. Hizi skana zetu zinafuata utaratibu unaoitwa OBD-II. Ulianza kuwa lazima Marekani kwa magari ya mwaka 1996. Ulaya ukawa lazima kwa magari ya petroli mwaka 2001, ya dizeli mwaka 2004. Ujapani kwenyewe hawakuwa na sheria hiyo miaka ile, na magari tunayopanda huku mengi ni yale yaliyotengenezwa yatumike Ujapani kwao, yakachoka kidogo yakapandishwa meli. Toyota, Nissan na wenzao walikuwa wanafunga tundu lenye umbo lile lile la pini 16, kwa ajili ya mashine zao wenyewe, lakini lugha ya ndani ni ya kwao. Ni kama soketi ya ukutani, plagi inaingia vizuri kabisa ila umeme uliomo siyo wa kifaa chako. Kwa hiyo mtu akikwambia "ina tundu la pini 16 basi ni OBD-II", usikubali. Umbo la tundu halitoshi.

Halafu hata OBD-II yenyewe siyo lugha moja. Ziko tano. Ford wa Marekani alitumia yake, General Motors yake, Wazungu na Waasia wengi walipitia waya wa pini ya 7, na baadaye ikaja CAN inayopita pini ya 6 na ya 14, ambayo Marekani iliilazimisha kwa magari yote ya mwaka 2008. Magari ya Kijapani ya miaka ile ya mwisho wa 2000 na kuendelea mengi yanaongea CAN, hayasumbui. Jirani yetu ana Toyota Vanguard ya 2009. Nilimwomba nikachomeka skana yangu kwake, sekunde chache tu ikashika. Kumbe kidude changu ni kizima! Hicho kipimo ukifanye mapema, kabla hujamtukana muuzaji. Ila chagua gari ya kupimia kwa akili, maana ukipima kwenye Corolla nyingine ya zamani utajidanganya.

Tochi ya simu inasaidia sana hapa. Mulika ndani ya tundu la gari. Kama pini ya 7 haina shaba ndani, na 6 na 14 hazina, na 2 haina, basi hakuna waya ambao skana yako itaongelea. Funga kidude mfukoni.

Njia nyingine ya kujua gari ilizaliwa kwa ajili ya wapi ni kadi ya gari. Angalia namba ya chasisi. Gari iliyotengenezwa kwa soko la Ujapani ina namba fupi yenye kistari katikati, inaanza na kitu kama AE110. Iliyotengenezwa kwa ajili ya Ulaya au Marekani ina namba ndefu ya herufi na tarakimu 17 mfululizo. Ya Marekani ukifungua boneti utakuta na karatasi iliyobandikwa imeandikwa OBD II. Ya mjomba ilikuwa fupi, ina kistari. Basi.

Na skana zenyewe sasa, tusiwalaumu Wajapani tu. Hizi tunazonunua karibu zote ni kopi za ELM327 ya kampuni moja ya Kanada, ELM Electronics, ambayo ilishafunga biashara mwaka 2022. Kwenye boksi langu imeandikwa v1.5. Nilicheka niliposoma kwamba kampuni yenyewe haijawahi kutoa toleo la 1.5! Kopi nyingine zimepunguzwa amri, zinaongea CAN vizuri lakini lugha za zamani wameziruka. Kwa hiyo unaweza kuwa na gari ya Ulaya ya 2002 inayokubali OBD-II halali kabisa, na kidude kikagoma.

Kuna ujanja wa kuandika amri ili kidude kibadilishe mwendo wa kuongea, mfano ATIB96 na ATIIA13. Baadhi ya Toyota za Ujapani za mwanzoni mwa miaka ya 2000, kama Vitz, zinakubali hiyo. Nilijaribu kwa mjomba, haikufua dafu. Sikushangaa, maana sijui hata kama kopi yangu inazielewa hizo amri au inaitikia tu.

Usiku wa Jumatano nikasoma kitu ambacho wazee wa gereji wa zamani wanakijua vizuri, ila vijana tulioanza na simu hatukijui. Hizi Toyota hazihitaji skana. Zinasema zenyewe kwa taa.

Fungua boneti. Tafuta kiboksi kidogo cheusi chenye kifuniko kilichoandikwa DIAGNOSIS. Ndani ya kifuniko kuna ramani ya matundu, kila tundu na jina lake. Unatafuta TE1 na E1. Swichi ikiwa imefungwa, unaziunganisha hizo mbili kwa kipande cha waya. Soma majina mara tatu, maana kwenye kiboksi hicho hicho kuna tundu la +B lenye umeme wa betri, na ukilikutanisha na E1 utaunguza kitu. Kama gari yako haina kiboksi hicho ila ina lile tundu la pini 16, kwenye Toyota nyingi za miaka ile kazi hiyo inafanywa na pini ya 13 na ya 4, na hapo usishangae taa za ABS na eabegi nazo zikianza kupepesa. Narudia, 13 na 4. Ya 16 usiiguse na waya wowote.

Ukishaunganisha, AC iwe imezimwa, gia iwe huru, mguu usiwe kwenye mafuta. Fungua swichi bila kuwasha injini. Tazama taa ya cheki injini. Ikipepesa haraka haraka bila kupumzika, kama mara mbili kwa sekunde, hakuna kosa lililohifadhiwa. Kama kuna kosa, inahesabu namba ya tarakimu mbili. Inapepesa tarakimu ya kwanza, inapumzika sekunde moja na nusu, inapepesa ya pili. Makosa yakiwa zaidi ya moja yanafuatana kuanzia namba ndogo, kati ya kosa na kosa sekunde mbili na nusu. Zikiisha, inakaa kimya sekunde nne na nusu halafu inaanza upya. Usitegemee kichwa, chukua karatasi.

Alhamisi asubuhi mjomba kakaa kwenye usukani, mimi niko boneti na kipande cha waya nimekimenya ncha mbili. Akafungua swichi. Akaanza kuhesabu kwa sauti. "Moja, mbili, tatu... imenyamaza... moja." Tukasubiri. Tena tatu, kimya, moja. Mara tano, jibu lile lile. 31.

Sasa jamani, fikiria. Ile boksi "iliyokufa" ndiyo imetuhesabia!

Kwa injini ile, 31 ni sensa inayopima presha ya hewa inayoingia kwenye injini. Nyingine ambazo utakutana nazo mara kwa mara ni 21 sensa ya oksijeni kwenye ekzosi, 22 sensa ya joto la maji, 41 sensa ya mkao wa pedeli ya mafuta pale inapoingilia hewa, 42 sensa ya spidi, 52 sensa ya kusikia injini ikigonga. 12, 13 na 14 zinahusu ishara za mzunguko wa injini na moto wa plagi, na ukizipata hizo gari mara nyingi inakuwa imeshakataa kuwaka. Sensa ya hewa ikipotea, kompyuta haijui tena injini inavuta hewa kiasi gani, inaanza kukadiria mafuta kwa kipimo cha dharura. Ndiyo maana ya moshi mweusi, kutetemeka, na tenki kuisha mchana.

Mjomba akasimama, "Haya twende tukanunue sensa." Nikamwambia subiri. Hili nililisoma na nalisisitiza kwenu: namba haisemi kifaa kimekufa, inasema kompyuta haipati ishara ya kueleweka kutoka njia hiyo. Inaweza kuwa sensa, inaweza kuwa plagi, inaweza kuwa waya. Sensa hiyo ina waya tatu. Mmoja unaleta volti 5 kutoka kontroli boksi, mmoja ni hasi, mmoja unarudisha ishara. Tukaazima mita kwa fundi redio. Swichi wazi, volti 5 ipo, maana yake boksi inafanya kazi yake. Hasi ipo. Kwenye waya wa ishara nilipoushika tu, ukabaki mkononi. Ulikuwa umekatika ndani ya plastiki karibu na plagi, kwa nje unaonekana mzima kabisa.

Fundi redio huyo huyo akauchomea kwa risasi, akaufunika kwa mpira, akatuchaji buku tatu. Tukachomoa fyuzi ya EFI kama nusu dakika ili kumbukumbu ya kosa ifutike. Tukarudisha, mjomba akawasha. Taa ya cheki injini ikawaka kidogo ikazima. Injini ikatulia mpaka mjomba akashuka kwenda kusikiliza kwa karibu. Tukarudisha kipande cha waya pale kwenye kiboksi kuhakikisha, ikapepesa haraka haraka bila kuhesabu.

Ijumaa saa kumi na moja alfajiri alikuwa kijiweni. Jioni kapeleka hesabu. Tajiri hakuuliza hata ilikuwa nini.

Nilipita pale gereji Jumamosi, siyo kumsuta, maana yule fundi ni mtu mzima na kuna siku nitamhitaji. Nikamwambia tu, fundi, tuliisoma kwa taa. Akanyamaza kidogo, akasema, "Aah, hiyo njia naijua, ila siku hizi kila mteja anataka kuona mashine." Nafikiri alikuwa anasema ukweli. Hata mimi ningemtoza mtu buku tano kwa kumwonyesha simu inayozunguka, lakini kwa kipande cha waya sidhani kama angenipa.

Skana yangu bado ninayo na inafanya kazi, siku hizi kabla sijachomeka naomba kwanza kadi ya gari. Nikiona kistari kwenye namba ya chasisi na mwaka wa zamani, natoa waya mfukoni.

Kwa wenye magari mengine: Honda nyingi za zamani zina kiplagi cha bluu cha waya mbili upande wa abiria kinachofanya kazi kama hiyo ya Toyota. Nissan za zamani zina tundu lao la kijivu la pini 14. BMW za miaka ya 1990 zina tundu la duara ndani ya boneti, unahitaji kebo ya kubadilishia. Hizo sijazishika kwa mkono wangu, kwa hiyo siwezi kuwaelekeza hatua kwa hatua.

Muda wangu hapa kafe umebaki dakika sita. Kuna mdau aliuliza wiki iliyopita kuhusu Nissan Sunny B14 ya baba yake inayozima ikipata moto. Mdau, andika hapo chini kama taa ya cheki injini inawaka au haiwaki, na kama kuna kengele ya wizi iliyofungwa baadaye, maana hizo wakati mwingine wanazigawia waya wa kompyuta. Mwenye uzoefu na Sunny amsaidie, mimi nitapita tena kesho jioni.